Kinachoishika ribosomu kwenye utando: jaribio la mwaka 1973 na nafasi ya lipidi

Mwaka 1973, Mark Adelman, David Sabatini na Günter Blobel walichapisha katika jarida la Journal of Cell Biology kazi waliyoifanya katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Walichokusudia kinaelezeka kwa sentensi moja: kuzibandua ribosomu kutoka kwenye utando ziliponata, bila kuziharibu ribosomu zenyewe na bila kuuharibu utando. Ugumu wote ulikuwa katika masharti hayo mawili. Njia za kubandua kwa nguvu zilikuwa zimeshajulikana, lakini kilichobaki baada ya kuzitumia kilikuwa mabaki ambayo hayangeweza kumweleza mtu kwa uhakika nini kilikuwa kimeshikana na nini. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu matokeo yake yalitenganisha kwa uwazi vifungo viwili vilivyokuwa vikichanganywa, na kwa sababu swali kililoliacha nyuma yake, yaani kama lipidi, molekuli za mafuta zinazoujenga utando, zina mkono wowote katika kuishika ribosomu, lilihitaji karibu miaka 40 ya kazi kabla ya kupata jibu linaloweza kuonekana kwa macho.

Kwa msomaji ambaye somo hili limempita kitambo, mambo machache ya msingi yatatosha. Ribosomu ndiyo inayounganisha asidi amino moja baada ya nyingine kuwa mnyororo wa protini, kwa kufuata maelekezo ya RNA mjumbe. Kwa wanyama ina vipande viwili, kikubwa na kidogo, vilivyojengwa kwa RNA pamoja na protini zipatazo 80. Upana wake ni kati ya nanomita 25 na 30, ilhali utando wa lipidi ulio chini yake una unene wa nanomita 4 hivi, kwa hiyo michoro inayoonyesha vidoti vidogo juu ya ukuta mnene inapotosha vipimo na, kwa maoni yangu, inapotosha pia fikra. George Palade alizieleza chembe hizi mwaka 1955 kwa kutumia hadubini ya elektroni. Ilionekana mapema kwamba baadhi yake huelea huru katika sitoplazimu, yaani ujiuji wa seli, na nyingine hung'ang'ania uso wa nje wa retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ulio ndani ya seli, hasa katika seli ambazo kazi yake kubwa ni kutoa protini nje, kama zile za kongosho na za ini. Jambo la kukumbukwa tunapoendelea ni kwamba ribosomu huru na ribosomu iliyonata ni za aina moja. Kinachozitofautisha ni protini ambayo kila moja inaitengeneza kwa wakati huo.

Tayari mwaka 1966 Sabatini, Yutaka Tashiro na Palade walikuwa wameonyesha kwamba ribosomu hushikana na utando kwa kipande chake kikubwa. Walitumia EDTA, kemikali inayonyakua ioni (chembe zenye chaji) za magnesiamu, na wakaona kwamba kipande kidogo ndicho kilichokuwa kikiondoka kwa wepesi huku kikubwa kikibaki. Magnesiamu inahitajika ili vipande viwili vya ribosomu vishikane, na pia ina uwezo wa kuunganisha vitu viwili vyenye chaji hasi. Uwezo huo wa pili tutaurudia, maana ndio uliozaa dhana nzima ya lipidi.

Jaribio lenyewe

Ini la panya likisagwa na rojo lake kuzungushwa kwa kasi kubwa kwenye mashine ya kutenganisha, retikulamu ya endoplazimu hukatika vipande, na kila kipande hujifunga chenyewe kuwa kifuko kidogo sana kiitwacho mikrosomu. Ribosomu hubaki nje ya kifuko, jinsi zilivyokuwa ndani ya seli. Watafiti wale walichukua mikrosomu hizo na kuzijaribu kwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa puromaisini, dawa inayofanana na ncha ya RNA inayobeba asidi amino. Ribosomu hudanganyika, huiunganisha dawa hiyo na mnyororo inaoutengeneza, na mnyororo huachiliwa kabla haujakamilika. Cha pili kilikuwa chumvi, yaani kloridi ya potasiamu, ambayo ikiwa nyingi hudhoofisha mvutano kati ya chaji chanya na chaji hasi.

Puromaisini na chumvi nyingi vilipotumiwa pamoja, yaani puromaisini ya milimola 1 na kloridi ya potasiamu ya milimola 750, hadi asilimia 85 ya ribosomu zilizonata ziliachia utando. Ziliondoka zikiwa zimetengana vipande viwili, na vipande hivyo viliweza kuunganisha peptidi tena vilipopewa RNA ya kutengenezwa maabara. Utando nao ulibaki vifuko vizima. Kwa chumvi nyingi peke yake, bila puromaisini, zilizoweza kuondoka hazikuzidi asilimia 40, nazo zilionekana kuwa mchanganyiko wa ribosomu zisizofanya kazi na zile ambazo minyororo yake ilikuwa bado mifupi. Asilimia 15 hivi ziligoma kabisa mpaka ribosomu zenyewe zikunjuliwe kwa hali kali ya ioni, na watafiti walikiri kwamba maana ya kundi hilo haikuwa wazi kwao.

Hesabu hizi zina uzito, lakini kiini cha jaribio kiko katika ulinganisho mmoja ambao msomaji wa haraka anaweza kuuruka. Puromaisini ilifanya kazi yake ya kuachilia minyororo karibu sawasawa katika chumvi kidogo, ya milimola 25 hadi 100, na katika chumvi nyingi, ya milimola 500 hadi 1,000. Pamoja na hayo, ribosomu ziliondoka kwa sababu ya puromaisini katika chumvi nyingi tu. Kwa maneno mengine, katika chumvi kidogo mnyororo ulikuwa umeshaachiliwa, na bado ribosomu ilibaki mahali pake. Kama mnyororo ndio pekee ulioishikilia ribosomu, ingepaswa kuondoka hapohapo. Na kama mvutano wa chaji ndio pekee, chumvi nyingi ingetosha bila dawa yoyote. Hitimisho halikwepeki: vifungo ni viwili. Kimoja ni cha moja kwa moja kati ya kipande kikubwa cha ribosomu na utando, nacho huvunjwa na chumvi. Kingine hupitia kwenye mnyororo wa protini uliokwisha kupenya utandoni, nacho hukatwa na puromaisini. Jahazi lililotia nanga na kufungwa kamba gatini haliondoki kwa kukata kamba peke yake. Minyororo iliyoachiliwa, kwa upande wake, ilibaki imeshikamana sana na utando uliobanduliwa, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imeshazama humo.

Tuhuma juu ya lipidi

Kifungo cha mnyororo hakikuwa na utata mkubwa. Utata ulikuwa kwenye kile cha moja kwa moja. Kitu kinachovunjwa na chumvi ni mvutano wa chaji, na mtu akitazama nyuso mbili zinazokutana hapo ataona mara moja sababu ya kuzishuku lipidi. Upande mmoja kuna RNA ya ribosomu, ambayo uti wake umejaa fosfati zenye chaji hasi. Upande mwingine kuna fosfolipidi, ambazo vichwa vyake vina fosfati pia. Katika retikulamu ya endoplazimu ya ini, zaidi ya nusu ya fosfolipidi ni fosfatidilikolini, ambayo kichwa chake kina chaji hasi na chanya kwa pamoja, na kati ya zilizobaki zimo chache zenye chaji hasi halisi, kama fosfatidilinositoli. Weka ioni za magnesiamu katikati, zenye chaji chanya mbili kila moja, na unapata daraja linaloweza kuushika RNA kwa upande mmoja na lipidi kwa upande wa pili. Maelezo haya yanakubaliana na chumvi na yanakubaliana na EDTA. Kwa haki kabisa, mwaka 1973 hapakuwa na ubaya wowote kuyachukulia kama uwezekano wa kweli.

Udhaifu wake ni kwamba yanaeleza kupita kiasi. Fosfolipidi hizohizo zimo katika utando wa nje wa seli, katika tando za mitokondria na katika sehemu za retikulamu ya endoplazimu zisizo na ribosomu. Kama daraja la magnesiamu lingetosha, ribosomu zingetapakaa kila mahali penye lipidi, na hazifanyi hivyo. Mwaka 1974 Nica Borgese na wenzake, akiwemo Sabatini, walitumia utando uliobanduliwa kwa njia ya puromaisini na chumvi kuuliza swali hilo moja kwa moja: walizirudisha ribosomu na kupima jinsi zinavyonata tena. Ziliunganika kwa nguvu, lakini kwa idadi yenye kikomo, kama inavyotarajiwa pale ambapo kuna nafasi maalumu zinazohesabika. Tena utando ulipotibiwa kwanza kwa vimeng'enya vinavyokata protini, uwezo wa kupokea ribosomu ulipungua sana. Vimeng'enya hivyo haviiharibu lipidi. Hapo ndipo naona tuhuma kwamba lipidi ndizo zinazoibeba ribosomu ilipopoteza nguvu, kwa kuwa mshtakiwa alikuwepo mzima mzima na kazi haikufanyika.

Kuipata protini yenyewe kulichukua muda mrefu na kulipitia njia zisizofika. Mwaka 1978 Gert Kreibich na wenzake walieleza protini mbili, riboforini ya I na ya II, zilizobaki na ribosomu hata lipidi zilipoyeyushwa kwa kisafishi cha maabara. Jina lenyewe lilibeba matumaini ya kwamba hizo ndizo zinazoibeba ribosomu. Mwaka 1992 ilidhihirika kwamba riboforini ni sehemu ya kimeng'enya kinachobandika sukari kwenye protini changa zinapoingia ndani. Ziko jirani na ribosomu kwa sababu ya kazi hiyo. Protini nyingine, p180, ilipendekezwa mwaka 1990, nayo ikapingwa muda mfupi baadaye.

Jibu lililosimama lilitoka kwa kundi la Tom Rapoport, Berlin. Mwaka 1992 Dirk Görlich na wenzake walionyesha kwamba protini Sec61, ndugu wa ile iliyokuwa imegunduliwa katika hamira na kundi la Randy Schekman, hubaki imeshikamana na ribosomu hata baada ya utando kuyeyushwa, na kwamba huachia kwa puromaisini pamoja na chumvi nyingi. Msomaji atatambua kwamba vigezo hivyo ni vilevile vya mwaka 1973. Mwaka uliofuata Görlich na Rapoport walijenga utando mpya kutokana na fosfolipidi na protini zilizosafishwa. Kwa baadhi ya protini, Sec61 pamoja na kipokezi cha SRP vilitosha kuzipitisha. Nyingine zilihitaji pia protini iitwayo TRAM. SRP ni ile chembe inayoutambua mfuatano wa ishara mwanzoni mwa mnyororo na kuipeleka ribosomu utandoni. Mwaka 1994 Kai-Uwe Kalies, Görlich na Rapoport walithibitisha kwamba Sec61 ndiyo hasa inayozipokea ribosomu.

Lipidi zinabaki na kazi gani?

Wapo waliolichukulia jibu hilo kama hukumu kwamba lipidi ni uwanja tu, na protini ndizo zinazocheza. Mimi siikubali hukumu hiyo, na sababu zangu zimo katika majaribio yaliyofuata.

Kwanza, kuziba. Mwaka 1991 Sanford Simon na Blobel waliunganisha mikrosomu za kongosho na utando bapa wa lipidi uliotenganisha vyumba viwili vya maji, wakapima umeme unaopita. Lipidi zenyewe haziruhusu ioni kupita kwa urahisi, ndiyo maana kipimo kiliwezekana. Walipoongeza puromaisini, mifereji mikubwa, yaani njia ambazo minyororo ya protini huvukia utando, ilifunguka, kila mmoja ukiwa na upitishaji wa pikosimensi 220 hivi. Walipoongeza chumvi hadi kiwango kinachojulikana kuzing'oa ribosomu, mifereji ilifunga. Mnyororo ulipokuwa ndani, mfereji ulikuwa umezibwa. Ulipotoka huku ribosomu ikibaki, mfereji ulisimama wazi. Ribosomu ilipoondoka, ulifunga. Ni jaribio la mwaka 1973 lilelile, safari hii likisomwa kwa umeme, na linaonyesha kwamba kifungo cha moja kwa moja kinahusika na hali ya mfereji pia.

Pili, na hapa ndipo naona mchango mkubwa zaidi wa lipidi, ni kuamua kipi kinakaa utandoni na kipi kinapita. Mwaka 2004 kundi la Rapoport, lililokuwa limehamia Harvard, pamoja na wenzao lilionyesha umbo la fuwele la SecY, ndugu wa Sec61 kutoka kiumbe kidogo cha baharini kiitwacho Methanocaldococcus jannaschii. Mfereji wake umebanwa katikati, una kizibo, na ubavuni una mlango unaoweza kufunguka kuelekea kwenye lipidi. Mwaka mmoja baadaye Tara Hessa, Gunnar von Heijne na wenzao, wakifanya kazi Stockholm, walitengeneza protini zenye vipande vya majaribio vya asidi amino 19 na kuzipitisha katika mikrosomu za kongosho la mbwa. Walipobadilisha asidi amino moja moja, waliona kwamba uwezekano wa kipande kubaki utandoni unafuata kwa karibu jinsi kinavyokimbia maji na kukubaliana na mafuta, na kwamba asidi amino yenye chaji hugharimu zaidi ikiwa katikati ya kipande kuliko ikiwa pembeni. Mpangilio huo ni wa tabaka mbili za lipidi zenyewe: mafuta katikati, vichwa vyenye chaji kingoni. Protini inafungua mlango, lakini mnyororo hupimwa kwa lipidi zilizo nje ya mlango.

Tatu ni mguso wenyewe kati ya ribosomu na lipidi. Hadi hapo, picha nyingi za ribosomu ikiwa juu ya mfereji wake zilipigwa baada ya utando kuyeyushwa kwa visafishi, kwa hiyo swali la lipidi halingeweza hata kuulizwa. Mwaka 2011 Jens Frauenfeld, Roland Beckmann na wenzao waliiweka SecY ya bakteria ndani ya kisahani kidogo sana cha lipidi kilichozungushiwa mkanda wa protini, wakaishikisha ribosomu iliyokuwa katikati ya kutengeneza mnyororo, wakaigandisha na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Waliweza kuufuata mnyororo kutoka ndani ya ribosomu hadi utandoni. Waliona pia kwamba sehemu ya RNA ya ribosomu iliyojiviringa, inayoitwa heliksi ya 59, inagusa uso wa lipidi, na kwamba utando unaonekana kubadilika hapo, karibu kabisa na mlango wa ubavuni.

Kwa hiyo dhana ya kale ya RNA kugusana na lipidi haikuwa bure. Kilichokuwa na kasoro ni nafasi iliyopewa. Mguso huo haueleweki kama kibebeo cha ribosomu, kwa sababu Sec61 inabaki na ribosomu hata lipidi zikiondolewa. Mahali ulipo, pembeni mwa mlango, panaelekeza kwenye kazi nyingine: kuulegeza au kuupinda utando pale ambapo kipande cha mnyororo kinatakiwa kuingia. Mwaka 1973 hapakuwa na njia ya kuyatenganisha haya, maana chumvi hudhoofisha mvutano wa chaji wa RNA na lipidi pamoja na ule wa ribosomu na protini bila kubagua.

Aina ya lipidi nayo ina athari inayopimika, ingawa ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa bakteria. Mwaka 1988 watafiti wa Utrecht na wenzao walionyesha kwamba Escherichia coli yenye upungufu wa fosfatidiligliseroli, lipidi yenye chaji hasi, hupitisha protini kwa shida katika utando wake wa ndani. Njia hiyo husukumwa na protini SecA baada ya mnyororo kutengenezwa, kwa hiyo si haki kuihamishia ribosomu moja kwa moja. Karibu zaidi na kisa chetu ni FtsY, kipokezi cha SRP katika bakteria, ambacho hakina sehemu inayopenya utando upande hadi upande. Hushika utando kwa msaada wa lipidi zenye chaji hasi, na lipidi hizo huchochea uwezo wake wa kuvunja GTP, molekuli inayobeba nishati. Katika njia hii lipidi ziko mlangoni tangu ribosomu inapofika, kabla mfereji haujaipokea.

Kwa wanyama kuna kolesteroli, ambayo watu wengi huijua kama lehemu. Katika utando wa nje wa seli ni nyingi sana, lakini retikulamu ya endoplazimu, ambako inatengenezwa, huiweka katika kiwango cha chini. Mwaka 2001 IngMarie Nilsson, von Heijne na wenzao waliiongeza katika mikrosomu na kuona upitishaji wa protini ukipungua. Steroli, kundi ambalo kolesteroli imo, huyakaza mafuta ya utando, na mlango unaofunguka kuelekea kwenye mafuta yaliyokazwa utakuwa na kazi ngumu zaidi. Athari hizi za lipidi, za chaji na za ulaini, zinaangukia kwenye kufika, kufunguka na kuingia, na sioni hata moja inayoirudisha lipidi kwenye cheo cha kuishika ribosomu. Kwa mguso wa heliksi ya 59, jaribio ambalo lingekuwa na uzito kwangu ni la kubadilisha ncha ya heliksi hiyo bila kugusa sehemu zinazoshikana na protini za mfereji, kisha kupima mambo mawili kando kando: kama ribosomu bado inavumilia chumvi ileile, na kama vipande vinavyokimbia maji kwa kiasi kidogo bado vinapata njia ya kuingia katika lipidi.